Jibu kwa muuliza wa Malindi: maua yako meupe yana wageni, ila hufika umeshaingia ndani

Ndugu yangu wa Malindi, salamu kutoka Amu, yaani Lamu. Swali lako nimelisoma mara mbili. Umepanda asumini, mdimu mmoja, mipapai mitatu na lile ua la tarumbeta pembeni ya ukuta, yote ya maua meupe, ukitaraji uani kwako kujae nyuki na vipepeo. Miezi minne hujaona kitu ila nyuki wawili watatu kwenye mdimu, mipapai inachanua na kupukutisha, na shemeji yako anakushauri ung'oe vyote uweke mawaridi mekundu na bogenvilia, kwa kuwa wadudu hufuata rangi.

Using'oe kitu. Nikuulize kwanza: wewe hutazama saa ngapi?

Nauliza kwa sababu mimi kwa miaka nilikuwa nikitazama saa tatu asubuhi, kikombe cha kahawa mkononi, nikiona majani na ukimya. Wageni wa maua meupe wengi wao huja wenye nyumba wakishakaa kula. Jambo hili nililijua nikiwa mtoto, nikalisahau ukubwani, na kulikumbuka kulinigharimu mapapai ya misimu miwili.

Mama alikuwa akitunga vikuba vya kuuza. Kwa asiyejua, kikuba ni kishada kidogo cha asumini, rehani na vipande vya mkadi, mwanamke hukibandika kifuani au kwenye nywele akienda harusini. Asumini ya kikuba huchumwa alasiri ingali imefumba, ifungukie kwenye uzi. Kuchuma ilikuwa kazi yangu. Siku moja mpira ulinichelewesha, nikafika kichakani adhana ya magharibi imeshatoka na maua yameanza kujifungua. Nikapeleka mkono, na kitu kikaja kikasimama hewani shibiri moja kutoka usoni mwangu, kikivuma kama feni ndogo. Hakikutua. Mwili mnene kama kidole, macho yanang'aa, na mbele kimetoa uzi mrefu, kinauchovya ndani ya ua, kinauchomoa, kinahamia ua la pili. Nilitupa kikapu nikakimbia nikisema nimeona shetani. Mama alicheka mpaka akaketi chini. "Huyo ndiye mwenye asumini," akasema. "Wewe ndiye mwizi."

Alikuwa nondo. (Nondo mdudu, wadau, si chuma cha slabu.) Wako wa aina nyingi, lakini huyu mkubwa anayekunywa akiwa angani ndiye wa kumjua. Mmoja wao, anayeitwa na wataalamu Agrius convolvuli, ni wa kijivu, tumbo lina mistari ya waridi na nyeusi, bawa hadi bawa anaweza kufika sentimita 10, na mrija wake wa kunywea ukinyooshwa unaupita mwili wenyewe kwa urefu. Ua lenye shingo ndefu nyembamba ndilo sahani yake, maana mbochi, yaani maji matamu ya ua, umekaa chini kabisa, nyuki hata aingize kichwa haufikii.

Sasa hiyo hoja ya rangi. Leo jua likizama kaa barazani, uweke waridi jekundu na kitawi cha asumini juu ya ukuta mmoja, utazame. Waridi ndilo litakalopotea kwanza. Litageuka jeusi wewe bado unasoma saa ya mkononi. Asumini utaiona mpaka nyota zitoke. Nondo anatafuta chakula katika mwanga huo huo uliobaki, kwa hiyo kinachong'aa ndicho anachokiona, na harufu ndiyo inayomleta kutoka mbali. Pua yako inalijua hili tayari: kichaka kile kile ulichokipita adhuhuri bila kunusa kitu, baada ya magharibi kinanukia mpaka njiani.

Mwambie shemeji amekosea hata kwa nyuki. Karl von Frisch wa Austria, mmoja wa watatu waliopewa Nobel ya tiba mwaka 1973, aliwazoesha nyuki kunywa maji ya sukari juu ya karatasi za rangi, akathibitisha kwamba wanaona rangi. Ila nyekundu kwao ni kama giza tu. Badala yake wanaona urujuanimno, mwanga ambao sisi hatuuoni kabisa. Petali nyeupe nyingi huufyonza mwanga huo, kwa hiyo ua unaloliita jeupe, nyuki analiona lina rangi yake, baina ya buluu na kijani. Na bogenvilia? Chukua moja uitazame kwa karibu. Zile rangi za kupendeza ni majani. Ua lenyewe ni kale kabomba kembamba katikati, na mara nyingi mdomo wake ni mweupe! Kwa hiyo shemeji anataka ung'oe maua meupe upande maua meupe.

Nije kwenye mipapai, maana hapo ndipo nilipoumia.

Nilikuwa na mipapai sita kwenye kishamba chetu nyuma ya mji, upande wa kwenda Shela. Minne majike, miwili madume. Mpapai dume unaujua, ule unaoning'iniza maua madogo kwenye vishada virefu kama shanga, na jike maua yake ni makubwa zaidi, yamekaa karibu na shina. Kwa akili zangu nikaona madume yananyonya maji ya bure, nikayakata yote mawili. Jirani alikuwa amenishauri nipigilie msumari shinani yageuke majike, na mimi nikajiona mjanja kumzidi kwa kutumia panga.

Mwaka huo huo viazi vitamu vilishikwa na viwavi. Wakubwa, wa kijani, wengine wa kahawia, kila mmoja na pembe moja mkiani. Nikaenda duka la dawa za kilimo, nikauziwa chupa, nikapulizia mara tatu mpaka ardhi ikawa haina hata sisimizi. Halafu mtu aliniibia kuku, nikafunga taa kali juu ya nguzo, ikiwaka usiku kucha katikati ya shamba.

Unaona ninakokwenda. Majike yakachanua vizuri, maua meupe ya maziwa, kila asubuhi nakuta yamelala chini. Nikadhani ugonjwa. Nikatia mbolea, nikatia majivu, nikamwagilia. Msimu wa pili hivyo hivyo.

Iliyonifumbua macho ni kazi ya jembe. Nilikuwa nachimba matuta ya viazi nikafukua kitu cha kahawia, kigumu, kama urefu wa kidole cha kati, na upande mmoja kina mkono uliopinda, kama mkono wa buli la chai kabisa. Nikakiweka kiganjani kikatingisha mkia. Nikakitia kwenye kopo la udongo, nikafunika kwa kipande cha wavu. Baada ya siku kadhaa kopo likawa linagongwa kutoka ndani usiku, nikafungua: yule yule shetani wangu wa utotoni, mistari ya waridi tumboni na yote. Ule mkono wa buli ndimo ulimokuwa umekunjwa mrija wake. Wale viwavi wa viazi ndio watoto wake, na mimi nilikuwa nimewanywesha sumu mara tatu.

Na huyo nondo na jamaa zake ndio wanaochavusha mipapai. Mtafiti Mkenya Dino Martins na mwenzake waliwafuatilia nondo wa mipapai hapa hapa Kenya, wakaona kwamba umbali wa shamba na pori la asili, na hali ya pori lenyewe, huathiri kazi ya nondo mashambani. Mchezo wenyewe ni wa ujanja. Ua la dume lina mbochi, la jike halina. Nondo anazunguka madume akinywa, anapakwa chavua, halafu gizani analikosea la jike kwa kuwa ni jeupe na lanukia vilevile. Anachovya mrija, hapati kitu, anaondoka, lakini chavua keshaiacha. Ukikata madume umeondoa chavua na umeondoa chakula kwa panga moja.

Na ile taa ilikuwa mtego kwa nondo. Wachache waliobaki walikuwa wakizunguka nguzo mpaka wanachoka, na mijusi kafiri pale juu ilinenepa mpaka nikawa naiona aibu.

Niliacha mche mmoja wa dume ukue, nikaacha kupulizia (viwavi siku hizi nawaokota kwa mkono, na nawahamishia kwenye tuta moja la mwisho nililowaachia), na taa nikaitia swichi, nawasha nikisikia mbwa tu. Mapapai yakarudi. Nilibadili mambo matatu kwa pamoja kwa hiyo siwezi kukuapia ni lipi lililofanya kazi. Dau langu naliweka kwa dume.

Mdimu wako hauna tatizo. Ni ua la mchana, nyuki wawili watatu unaowaona wewe ni wale wa saa unayotazama; mdimu wangu hupata nyuki wengi asubuhi mapema kabla upepo haujaamka. Ukiona vijiwavi kama mavi ya ndege juu ya majani yake usiviue. Navyo hukua vikawa vya kijani, na ukivigusa vinatoa pembe mbili nyekundu-chungwa nyuma ya kichwa zenye harufu kali. Hao ndio wanaokuwa wale vipepeo wakubwa weusi wenye madoa ya manjano, ambao ndio uliokuwa ukiwaulizia. Majani watakula, lakini mdimu uliokomaa haufi kwa hilo. Majimoto, wale chungu wakali wanaoshona majani, ni habari nyingine. Wakishona kiota kwenye mdimu, kila anayetua kwenye ua atapata tabu, nawe pia utakapokwenda kuchuma ndimu.

Asumini usiihangaikie. Hii yetu ya vikuba huongezwa kwa kukata kijiti na kupachika, mbegu ni nadra mno, hivyo nondo aje asije kichaka chako kitakuwapo. Mimi humpandia kwa sababu ya kumtazama tu.

Ua la tarumbeta, kwa ulivyolieleza, kimo cha kiunoni na tunda lenye miiba, ni mnanaha. Nondo wanalipenda sana, lakini kila sehemu yake ni sumu, kuanzia mbegu mpaka jani. Kama una watoto wadogo hapo nyumbani, hilo ndilo pekee ambalo ningekubaliana na shemeji ling'olewe. Vaa glavu, na usijifute macho kabla ya kunawa.

Ukitaka kuona jambo kubwa zaidi na una mtu mwenye mtumbwi, tafuta milanana, wengine huiita mililana, ile mikoko inayotangulia mbele kabisa kuelekea bahari kuu na ambayo mafundi huitolea mataruma, yaani mbavu, za jahazi. Ua lake ni kama brashi ya kunyolea ndevu, nyuzi nyeupe mamia. Hufunguka usiku mmoja, nondo na popo wakanywa, na kabla jua halijawa kali nyuzi zimeanguka. Nilipita mkondo wa Mkanda alfajiri moja na marehemu baba mkwe, maji yamejaa, nikaona juu ya maji utandu mweupe kama vinyweleo umezunguka mizizi yote. Nikamuuliza ni nini. Akasema, "Karamu imekwisha, ndiyo wanafagia."

Kwa nyumbani fanya hivi. Zima taa ya uani kuanzia saa kumi na mbili na robo. Kaa karibu na asumini au mpapai, mkono mmoja na nusu kutoka kwenye maua, usivae manukato. Tochi ya simu ifunge karatasi nyekundu ya kufungia zawadi, kwa mwanga huo wengi wao hawashtuki. Dakika 40 zinatosha. Usiku wa mbalamwezi tulivu ni mzuri kutazama. Kusi ikiwa kali rudi ndani ukanywe chai, hakuna atakayekuja. Utaanza kusikia kabla ya kuona.

Na kabla sijaendelea kukushauri kuhusu mipapai: hiyo mitatu yako ni majike, madume au ile yenye jinsia zote mbili katika ua moja? Hujataja. Piga picha ya ua moja kwa kila mti, lipasue katikati kwa wembe ionekane ndani kuna nini, uiweke hapa.