Maswali na Majibu: Vitenzi vya Kiitaliano katika Ulimi wa Mswahili

Barua za safari hii karibu zote zinauliza kuhusu vitenzi vya Kiitaliano. Walioandika wengi wanahudumia wageni huko pwani, na mmoja yuko masomoni Italia kwenyewe. Tumejibu tano. Silabi yenye mkazo tumeiandika kwa herufi kubwa, kwa kuwa Waitaliano kwa kawaida huweka alama ya mkazo pale tu unapoangukia silabi ya mwisho.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naambiwa makundi ya vitenzi ni matatu tu, lakini kitabu changu kina majedwali kurasa kwa kurasa. Nianzie wapi? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Marahaba. Anza na kitenzi-jina, lile umbo letu la "kusema" na "kulala". Kinaishia na -are (parlare, kusema), -ere (credere, kuamini) au -ire (dormire, kulala). Kata kiishio, ubaki na shina: parl-, cred-, dorm-. Kiswahili hutanguliza nafsi na wakati, ni-li-sema. Kiitaliano hubana vyote viwili mkiani. Ndiyo sababu Mwitaliano, kama sisi, hana haja ya kutaja "mimi" kila mara. Parlo inatosha.

Wakati uliopo wa parlare ni parlo, parli, parla, parliamo, parlate, parlano. Wa credere ni credo, credi, crede, crediamo, credete, credono. Dormire hufuata credere, ila kwa "ninyi" husema dormite. Ukitazama vizuri, -o, -i na -iamo hazibadiliki katika kundi lolote, hivyo cha kukariri ni yeye, ninyi na wao.

Kundi la -ire lina tawi lake linaloingiza -isc- katikati: finire (kumaliza) huwa finisco, finisci, finisce, finiamo, finite, finiscono. Humo wamo pia capire (kuelewa), pulire (kusafisha) na preferire (kupendelea). Sco hutamkwa "sko", lakini sci ni "shi". Itazame kamusi, maana kitenzi chenyewe hakikupi dalili ya kutegemea. Ukitoka wakati uliopo, pamoja na hali tegemezi (umbo kama letu la "ungoje" katika "nataka ungoje") na amri zinazouandama, -isc- hutoweka: finivo (nilikuwa namaliza), finirò (nitamaliza), finito (iliyomalizika).

Baada ya hapo ruka moja kwa moja hadi wakati uliopita wa kuendelea, ulio rahisi kuliko yote. Ondoa -re tu, uweke -vo, -vi, -va, -vamo, -vate, -vano: parlavo, credevo, dormivo. Majedwali mengine yasubiri.

SWALI: Nikisema "parlano" wageni wananielewa, lakini nawaona wanatabasamu. Kosa liko wapi? (Mtembeza watalii, Watamu)

JIBU: Kwenye mkazo. Kiswahili huuweka silabi ya pili kutoka mwisho, nawe bila shaka umesema parLAno. Mwitaliano husema PARlano, CREdono, DORmono. Kanuni ni moja: mkazo wa "wao" hukaa palepale ulipokaa kwa "mimi". Abitare (kuishi mahali) ni Abito, kwa hiyo Abitano. Telefonare ni teLEfono, kwa hiyo teLEfonano, na hapo mkazo umebaki silabi ya nne kutoka mwisho, jambo ambalo ulimi wetu haujalizoea hata kidogo. Kanuni hiyohiyo inashika pia parLAvo na parLAvano, parLASsi na parLASsero, parleREI na parleREBbero. Kwa "sisi" na "ninyi" za wakati uliopo, parLIAmo na parLAte, Mswahili yuko nyumbani kwake.

Mkazo si urembo wa matamshi tu. PARlo ni "nasema"; parLÒ ni "alisema". Ukikosea, umebadilisha mtu na wakati kwa mpigo mmoja.

Ndugu yake ni konsonanti pacha. Torneremo ni "tutarudi", torneremmo ni "tungerudi", na kinachozitenga ni m moja, ambayo sikio la Mswahili huipita bila kuisikia. Funga midomo, uishikilie m kitambo kidogo kabla ya kuiachia. Na mgeni akikwambia torneremmo, usiharakishe kumwandika kwenye daftari la safari ya kesho.

SWALI: Wenzangu wengine husema "scusa", wengine "scusi", "aspetta" na "aspetti". Ipi ni sahihi kwa mgeni? (Mhudumu wa hoteli, Nungwi)

JIBU: Zote ni sahihi, ila si kwa mtu mmoja. Aspetta (ngoja) ni ya tu, rafiki au mtoto. Aspetti ni ya Lei, yaani mtu mzima usiyemzoea. Kazini tumia Lei mpaka mgeni mwenyewe aseme diamoci del tu, tuitane kwa "wewe".

Kinachowachanganya watu ni kwamba irabu zinapishana. Vitenzi vya -are hutoa -a kwa tu na -i kwa Lei: scusa, scusi, entra, entri, guarda, guardi. Vya -ere na -ire hufanya kinyume: prendi, prenda (chukua), senti, senta (sikiliza), finisci, finisca. Sababu ni kwamba amri ya Lei si amri hasa, imeazimwa kutoka hali tegemezi. Nasi tunaijua hila hiyo: "ngoja" ni amri kavu, "tafadhali ungoje" ina adabu, na kilichobadilika mwishoni ni irabu, a kuwa e. Mwitaliano naye hubadili irabu ya mwisho, ila -are hupewa i, na yale makundi mengine mawili hupewa a.

Faida yake ni kwamba ukiijua aspetti, umeshaipata hali tegemezi karibu nzima: mimi, wewe na yeye wote ni aspetti, kisha aspettiamo, aspettiate, aspettino. Voglio che Lei aspetti, nataka ungoje. Kwa prendere ni prenda mara tatu, prendiamo, prendiate, prendano.

Kukataza kuna mtego. Kwa tu huweki kiishio cha amri, unarudi kwenye kitenzi-jina: non toccare, usiguse. Kwa Lei ni non tocchi, na kundi la watu ni non toccate. Ile h ya tocchi inalinda sauti. Ci husomeka kama "chi" yetu, na chi husomeka kama "ki". Bila h ungesema "tochi". Vivyo hivyo pagare hutoa paghi na pagherò, cercare hutoa cerchi na cercherò. Mangiare huenda upande wa pili, huitupa i isiyohitajika: mangi, mangerò.

SWALI: Niliandika "Se parlerei bene, troverei lavoro" na mwalimu akaikata kwa kalamu nyekundu. Mbona nimetafsiri sawasawa: kama ningezungumza vizuri, ningepata kazi? (Mwanafunzi, Bologna)

JIBU: Umetafsiri sawasawa mno, na ndiyo iliyokuponza. Kiswahili huweka -nge- pande zote mbili. Kiitaliano hugawa: baada ya se huja hali tegemezi ya wakati uliopita, na upande wa matokeo ndio huja hali ya masharti. Se parlassi bene, troverei lavoro.

Upande wa se: parlassi, parlassi, parlasse, parlassimo, parlaste, parlassero. Kwa makundi mengine badilisha irabu tu: credessi, dormissi. Upande wa matokeo huchukua shina la wakati ujao, ukaongeza -ei, -esti, -ebbe, -emmo, -este, -ebbero. Hapo kumbuka kwamba -are hugeuka -er-: ni parlerò na parlerei, si "parlarò". Credere na dormire hubaki na irabu zao: crederei, dormirei.

-ngali- nayo hugawanywa vilevile: se avessi parlato, avrei trovato lavoro, yaani ningalizungumza, ningalipata kazi. Lakini -ki- haina makuu: ukilipa leo ni se paghi oggi, au se pagherai, bila hali tegemezi yoyote.

Kuna se moja inayokubali hali ya masharti, ile yenye maana ya "iwapo" baada ya kuuliza au kutojua: non so se troverei lavoro, sijui kama ningepata kazi. Hapo hakuna sharti, kuna shaka. Hata Waitaliano wenyewe huteleza barabarani na kusema se parlerei, ila kwenye mtihani hakuna atakayekusamehe.

SWALI: Ho au sono? Na ile "parlai" (nilisema) nijifunze? (Msomaji, Malindi)

JIBU: Kwa jambo lililokwisha kutendeka, vitenzi vingi huchukua ho, hai, ha, abbiamo, avete, hanno (za avere, kuwa na) pamoja na umbo la -ato, -uto au -ito: ho parlato, ho creduto, ho dormito. Vya kufika, kutoka na kurudi huchukua sono (ya essere, kuwa), na mwisho wake hufuata mtendaji: mwanamume sono arrivato, mwanamke sono arrivata, kundi siamo arrivati, wanawake watupu siamo arrivate. Usiseme kila mwendo ni sono, kwa maana camminare, nuotare na viaggiare husema ho camminato, ho nuotato, ho viaggiato. Zinaeleza mwendo wenyewe, si pa kutokea wala pa kufikia.

Jihadhari na kundi la -ere. Vitenzi vyake vingi ni vipole wakati uliopo, halafu hugeuka hapa: scrivere ni scritto, leggere ni letto, prendere ni preso, chiudere ni chiuso. Kariri umbo hilo siku ileile unapojifunza kitenzi.

Parlai, parlasti, parlò, parlammo, parlaste, parlarono utazikuta zaidi kwenye hadithi na vitabu vya historia, ingawa kusini, Sicilia kwa mfano, watu huzitumia hata katika mazungumzo. Kwa sasa jifunze kuzitambua tu: ukiona parlò au parlarono, soma "alisema" au "walisema", uendelee na ukurasa.