Je, mahakimu wa Babeli walihukumu kwa sheria za Hammurabi?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sheria. Tumefundishwa kwamba Hammurabi ndiye aliyetunga sheria za kwanza kuandikwa, na kwamba binadamu walianza na "jicho kwa jicho" ndipo wakafikia fidia. Je, ni kweli? Na mahakimu wake walitumia vifungu hivyo kama tunavyotumia vyetu leo?

JIBU: Ndugu mwanafunzi, la kwanza ni rahisi: Hammurabi hakuwa wa kwanza. Alitawala Babeli kuanzia mwaka 1792 hadi 1750 KK. Zaidi ya miaka 300 kabla yake, mjini Ur, kusini mwa Iraki ya leo, ziliandikwa sheria zinazoitwa za mfalme Ur-Nammu, ingawa wapo wataalamu wanaosema ni za mwanawe Shulgi. Akafuata Lipit-Ishtar wa mji wa Isin, katika miaka ya 1930 KK.

Suala la kisasi na fidia linahitaji umakini, maana vitabu vingi vya kufundishia hulieleza kinyume. Katika sheria za Ur-Nammu, aliyemtoboa mwenzake jicho alilipa nusu mina ya fedha, kama gramu 250. Jicho kwa jicho linakuja baadaye, kwa Hammurabi (kifungu cha 196), tena kwa muungwana aliyemdhuru muungwana mwenziwe tu. Jicho la mtu wa tabaka la chini lililipiwa mina moja; la mtumwa, nusu ya bei yake. Kwa maandishi tuliyonayo, basi, fidia ndiyo iliyotangulia. Usimwamini anayekuambia kwamba sheria hupanda ngazi moja kwa moja kutoka ukatili kwenda upole.

Sasa mahakama, na hapa ndipo penye uhondo. Nguzo ya jiwe jeusi ya Hammurabi, iliyochongwa sheria zake, yenye urefu wa zaidi ya mita mbili, ilichimbuliwa Susa, nchini Irani, mwaka 1901–1902, na leo ipo katika makumbusho ya Louvre, Paris. Nambari za vifungu, ambazo huishia 282, ziliwekwa na Vincent Scheil, mtafsiri wake wa kwanza. Mwandishi wa Babeli hakuandika nambari yoyote. Tunavyo pia vibao vya udongo kwa maelfu vya enzi hiyo: mikataba, madai, hukumu. Vinataja wadaawa, mashahidi, viapo na mihuri. Usitarajie kukuta humo hakimu akisema "kwa mujibu wa kifungu fulani" cha nguzo ile.

Chukua kesi maarufu ya mauaji ya mji wa Nippur, ya enzi za kabla ya Hammurabi. Watu watatu, mmoja wao kinyozi na mwingine mtumwa, walimuua kuhani aitwaye Lu-Inanna, kisha wakamwambia mkewe, Nin-dada. Mke akanyamaza. Mfalme Ur-Ninurta, aliyepokea kiti kutoka kwa Lipit-Ishtar yuleyule mtunga sheria, akaipeleka kesi mbele ya baraza la mji. Waliosimama kutoa hoja ni pamoja na mtega ndege, mfinyanzi na mtunza bustani. Wakataka wauaji wauawe mbele ya kiti cha marehemu, na mkewe pamoja nao. Watu wawili wakamtetea: mwanamke huyu amefanya nini hata auawe? Baraza likajibu kwamba mke asiyemthamini mumewe huenda akamjua adui yake, na kwamba hatia yake inawazidi wauaji.

Soma hoja hizo kwa makini. Watu wanabishana kama kunyamaza ni kushiriki kosa, swali ambalo utalikuta tena katika somo lako la jinai. Sheria za Lipit-Ishtar zilikuwa bado mbichi, lakini hakuna aliyezitaja. Waliamua kwa mila, kwa hoja na kwa busara yao.

Je, neno la mfalme halikuwa na nguvu basi? Lilikuwa nayo, hasa kwenye madeni. Wafalme wa Babeli, Hammurabi akiwemo, walitoa amri za kufuta madeni ya wananchi. Ya Ammi-saduqa, karne moja hivi baada ya Hammurabi, imetufikia kwa urefu. Hizo watu walizijali kweli: mikataba mingine hueleza wazi kwamba imefungwa baada ya amri ya mfalme, ili mnunuzi au mkopeshaji asije akapokonywa haki yake.

Kwa hiyo katika insha yako, tenganisha mambo matatu: nguzo, ambayo mfalme aliisimamisha kuonyesha kwamba yeye ni mwenye haki, amri, iliyobadilisha madeni ya watu, na kibao cha hukumu, kinachoonyesha kesi ilivyoamuliwa. Ukiulizwa mahakama zilifanya nini, anza na hicho cha tatu.