Unga wa kapsuli si dawa ya kidonda cha mtoto

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka 5 ametokwa na vidonda puani na kidevuni. Vinatoa majimaji, kisha vinakauka na kufanya vigaga vya rangi ya asali. Jirani amenishauri nipasue kapsuli ya tetrasaiklini, ninyunyize unga wake juu ya vidonda, na nyingine nimpe ameze. Je, nifanye hivyo? (Mama wa watoto watatu, Tanga)

JIBU: Marahaba, mama. Nakusihi usimnyunyizie unga huo wala usimpe ameze. Unga wa kapsuli umekusudiwa kuyeyuka tumboni na kuchukuliwa na damu. Ukiwekwa juu ya kidonda huganda pamoja na majimaji, na chini yake usaha ukaendelea kujikusanya huku wewe ukidhani kidonda kimekauka. Kumeza nako kuna madhara yake. Tetrasaiklini hushikamana na kalsiamu, ndiyo maana mtu mzima huambiwa asiimeze kwa maziwa. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 8, ambaye meno yake ya ukubwani yangali yakijengwa kwa kalsiamu ndani ya ufizi, dawa hujipachika humo humo, na meno yanapoota huwa na rangi ya manjano au kahawia isiyotoka kwa mswaki.

Dawa za jamii hii zina kazi yake. Doksisaiklini huwafaa sana vijana wenye chunusi kubwa zenye uvimbe, ingawa hutumiwa kwa wiki nyingi pamoja na dawa ya kupaka, na hufanya ngozi iungue upesi juani.

Dalili ulizoeleza zinafanana na za impetigo, maambukizi ya ngozi yaletwayo na bakteria aina ya stafilokoki na streptokoki. Lainisha vigaga kwa maji ya uvuguvugu na sabuni mpaka viachie vyenyewe, kisha umpeleke kituo cha afya. Vidonda vikiwa vichache, kwa kawaida marhamu ya mupirosini hutosha kwa siku 5. Vikiwa vimeenea, huandikiwa kloksasilini au sefaleksini ya kunywa, kwa kipimo kinachotokana na uzito wake. Mkate kucha na umtengee taulo lake, kwa kuwa ugonjwa huu huhama kwa vidole na vitambaa. Na ikiwa wiki kadhaa baadaye, hata kama vidonda vimeshapona, ataamka uso umevimba au mkojo umekolea kama chai ya rangi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwani streptokoki wa ngozini huweza kusababisha ugonjwa wa figo.