Mwanangu, anzia kwenye chombo kibovu

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku Nungwi hatujambo. Mama yako anakusalimu na anauliza kama mjukuu wake ameshaanza kutembea.

Juzi uliniuliza kwa simu: ukiacha kazi ya bohari hapo Dar ukaja kujifunza kuunda vyombo vya baharini, je, umri umeshakupita? Na je, kazi hii bado ina maisha ya mtu mwenye mke na mtoto? Sikukujibu pale pale kwa sababu swali lako halikuwa la kujibiwa kwa haraka. Nakuandikia ili uyasome kwa utulivu, na mkeo ayasome pia, maana uamuzi huu si wako peke yako.

La umri ndilo jepesi, hujachelewa. Kijana aliyekulia pwani anakuzidi jambo moja tu, jicho lake limeshazoea umbo la chombo. Wewe una nguvu, una hesabu, na una akili ya kuuliza kwa nini. Kinachowashinda watu wazima wanaoingia kazi hii ni kutumwa. Utaambiwa uchote maji, ushike ubao wakati mwingine anapigilia, uokote misumari mchangani. Na anayekutuma huenda ni mdogo kwako. Kama hilo huliwezi, baki bohari, na sitakulaumu hata kidogo.

Ukija, hutaanza na chombo kipya. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize kuliko kwengine kote. Kila kijana anayenijia anataka kuwepo siku mkuku, ule mti mrefu wa chini ya chombo, unapolazwa, apige picha hanamu, mti wa mbele, inaposimamishwa. Ni jambo zuri kulitazama, lakini halifundishi. Chombo kipya hakikwambii kitu, mbao zote ni nzima na kila kiungo kimebana. Chombo kilichokula chumvi miaka mingi, kikapandishwa ufukweni na kulazwa ubavu, hicho ndicho kinachosema. Kinakuonyesha fundi wake alifanya nini vizuri na wapi alikimbilia malipo.

Chukua msumari. Ukikwangua rangi kwenye mbao kuukuu utaona mahali pengine doa jeusi limezunguka kichwa cha msumari. Ukilichokoa kwa ncha ya kisu, mbao inatoka unga. Maji yamepita chini ya kichwa, chuma kimeshika kutu, na kutu imeila mbao iliyo karibu nayo mpaka msumari unacheza kwenye tundu lake. Kwa nje chombo kinaonekana kizima. Ndiyo maana sisi hatupigilii hivi hivi: tunatoboa kwanza kwa keekee, tunazungushia uzi wa pamba uliolowa mafuta chini ya kichwa cha msumari, kisha ndipo nyundo. Unaweza kuambiwa hivyo kila siku na bado ukaruka msumari mmoja jua linapokuchoma mgongoni. Lakini ukishang'oa misumari ya namna hiyo kutoka ubavu wa mashua iliyokuwa ikibeba watu, huruki tena.

Au chukua kuoza. Watu wa mjini wanadhani adui wa mbao ni maji ya bahari. Chumvi huihifadhi mbao. Kinachooza chombo ni maji ya mvua yanayotuama mahali pasipopita hewa, kule nyuma shetrini chini ya sitaha, au pale taruma, mti uliopinda wa kushikilia mbao za ubavu kwa ndani, linapokutana na mkuku na takataka zikaziba njia ya maji. Nikienda kukagua chombo cha mtu, mkono wangu huanzia huko kabla sijatazama kitu kingine.

Baada ya hapo utakaa kwenye kalafati, kuziba mianya ya mbao, na utakaa muda mrefu. Unasokota pamba na mafuta ya nazi iwe kamba, unaiingiza kwenye mwanya wa mbao mbili kwa patasi butu na nyundo ya mti. Ukiipiga kidogo, maji yanaingia. Ukizidisha, unazisukuma mbao ziachane na unafungua mwanya wa jirani. Sikio ndilo linalokwambia basi: mlio wa nyundo hubadilika pamba ikishakaa. Halafu kuna kuchoma chombo, maji yakiwa yamekupwa, kwa vienge vya makuti makavu vinavyopitishwa chini ya tumbo la chombo ili wadudu wanaotoboa mbao wafe, kisha kupaka shahamu iliyochanganywa na chokaa. Mkono ukisita mahali pamoja, umeunguza mbao. Ukienda mbio, wadudu wanabaki hai ndani.

Taruma litakuja baadaye, na hapo ndipo utakapoanza kuipenda kazi. Taruma halikatwi kwenye ubao ulionyooka. Ukilazimisha pindo kwenye mti ulionyooka, nyuzi za mti zinakatika njiani na siku moja wimbi linalivunja hapo hapo. Tunatafuta tawi lililokua limepinda lenyewe, la mtondoo au mwembe, nyuzi zake zikifuata pindo tangu mwanzo hadi mwisho. Unatembea shambani na kigezo chako mkononi, umbo la kupimia pindo, unaitazama miti ukiwa umeshajua kila tawi litakaa wapi ndani ya chombo. Hatuna mchoro wa karatasi. Jicho hilo halifundishwi kwa maneno, na ndilo litakalokuchukulia miaka.

Sasa maisha. Umesikia wakisema wateja wamekwisha, kila mtu anataka boti ya faiba. Ni kweli mvuvi anaipenda faiba, ni nyepesi, inabeba mashine vizuri na haihitaji kalafati. Lakini wateja bado wapo: wavuvi wa madau na mashua, watu wa mizigo, na siku hizi wenye kutembeza watalii jioni, ambao wanataka chombo cha mbao chenye tanga na wako tayari kukilipia. Shida yangu mimi ni miti. Gogo la mvule au mbambakofi la kutosha mkuku linatoka bara, na kila mara linakuja fupi zaidi na ghali zaidi. Mtondoo mzee wa hapa kisiwani unakatwa kwa kibali, na ni haki uwe kwa kibali, maana tulikata wengi na tukapanda wachache. Ukiingia kazi hii, panda. Nasema kwa dhati. Mche utakaoupanda mwaka huu hautakuwa taruma la chombo chako, ila atakuja mwengine kuutafuta na kigezo chake.

Wenzetu wa Lamu wamelitazama jambo hili kwa upande mwengine. Mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake walishua Flipflopi, chombo cha mita 9 kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa, ubavuni kimevishwa ndara kuukuu, na mwaka 2019 kikaja kwa tanga kutoka Lamu hadi hapa Unguja. Wapo waliokiona mchezo wa kuonyeshea wageni. Mimi nilikiheshimu, kwa sababu hata ukibadilisha mbao kwa plastiki bado lazima pawe na mkuku, mataruma, na mtu mwenye jicho. Ufundi ule ule umepata mti mpya.

Na uogope kwamba kazi inaweza kupotea. Mtepe, chombo cha mababu kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, ulibeba mizigo ya pwani hii karne nyingi. Ulipoachwa kuundwa, wajuzi wake wakafa mmoja mmoja. Ule uliokuwa ukionyeshwa Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu la mjini Unguja, uliundwa upya mwaka 2003, kwa watu kukusanya picha, mifano midogo ya chombo na kumbukumbu za wazee. Walifanya kazi ya kusifiwa. Lakini hebu fikiria: kujua kulikokuwa mikononi mwa vijiji vizima kukatafutwa kwenye picha.

Kuhusu fedha nitakuwa wazi. Mwanafunzi hapati mshahara. Anapata chakula na posho ndogo, na mwaka wa kwanza mkeo ndiye atakayebeba nyumba. Fundi mwenyewe halipwi kwa mwezi. Tunapatana kazi nzima, mwenye chombo analeta mbao na misumari, na malipo yanakuja kwa mafungu: mkuku ukilazwa, mbao zikifika juu, chombo kikishuliwa. Katikati mwenye chombo akiishiwa, kazi inasimama, nawe unasimama nayo. Niliwahi kuachiwa mashua nusu, mvua ikainyeshea mwaka mzima, na wakati ule tulikula kwa matengenezo madogo madogo ya watu wengine. Kumbuka hilo pia unapofikiria kwa nini nakuanzishia kwenye ukarabati: vyombo vipya huja vikapotea, vibovu havikosekani.

Kwa hiyo jifunze na faiba. Usione aibu. Fundi anayejua kuziba faiba, kulaza mashine ikae sawa na kukalafati mbao hakai bure. Na kwa kuwa upo Dar, kabla hujarudi pita Chuo cha Bahari, DMI, uulize kozi zao za jioni au fupi kama zipo. Mimi sikupata nafasi hiyo. Vyombo vya abiria siku hizi vinakaguliwa, na mkaguzi anataka uzito na uwezo wa kubeba viandikwe kwa hesabu. Jicho langu yeye halioni.

Jambo la mwisho huenda halitakufurahisha. Sitakufundisha mimi, si mwanzoni. Baba ama atakuonea huruma akakupa kazi kabla ya wakati wake, ama atakugombeza mbele ya watu mpaka uichukie tezo, shoka letu la kuchongea mbao. Nimezungumza na mwenzangu mmoja upande wa mnarani, mtu mpole na hodari wa mkono, amekubali. Ukishaweza kuvua ubao mbovu na kuweka mzima bila kuharibu wa jirani, njoo kwangu tulaze mkuku pamoja.

Usiandike barua ya kuacha kazi bado. Chukua likizo yako kusi likivuma, vyombo vinapopandishwa, uje wiki nne. Uje na nguo za kuchafua. Usije na vifaa, tezo inachaguliwa kwa uzito wa mkono wa mtu na tutaitafuta pamoja huku. Mkeo na mtoto uje nao, waone nyumba, waone tunavyoishi, na yeye aniulize mwenyewe anachotaka kuuliza.

Nijibu tarehe zako mapema, nimjulishe fundi.

Wasalaam,
Babako