Nimenyanyua Prado inchi 2, mbona tairi kubwa bado litagusa?

SWALI: Fundi, salamu. Prado yangu ya 2006 nimeinyanyua inchi 2. Ina tairi za 265/65R17 (upana milimita 265, ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu inchi 17), nami nataka 285/70R17. Kijana mmoja hapa Mtwapa asema nitie spesa za milimita 30, vile vipande vya kukaa kati ya rimu na habu, basi hazitagusa popote. Rafiki yangu naye ataka nifunge rimu za inchi 20, gari lipendeze. Nimsikize nani?

JIBU: Usimsikize yeyote kati yao, ndugu yangu.

Magari ya namna hii naletewa kila mara, plastiki za ndani ya digadi zimechanika vipande vipande, na mwenyewe ananiuliza, "Lakini fundi, si nimelinyanyua?" Umelinyanyua likiwa limesimama. Likiingia shimoni springi zinabonyea, na ile raba inayozizuia iko pale pale ilipokuwa. Nafasi uliyoinunua haipo tena. Isitoshe, tairi la mbele halipandi na kushuka tu. Hufuata usukani, na likikata kona hugusa nyuma ya digadi na chini ya bampa. Huko inchi zako 2 hazikuongeza kitu.

Sasa spesa. Inalitoa tairi nje milimita 30, kwa hiyo likikata kona linafagia eneo kubwa zaidi. Ndani litaacha kugusa mkono wa springi, nje litakula digadi. Beringi nazo zitabeba mzigo zisioundiwa. Na nyingi ya hizo spesa za bei poa ni za kumiminwa, nati hazirudiwi kukazwa baada ya safari ya kwanza, halafu gurudumu linakupita Mazeras ukilitazama.

Na difu la nyuma, lile bonge la gia linaloning'inia chini ya gari, je? Springi ndefu haziliinui hata unywele, kwa kuwa liko kwenye ekseli. Kinacholiinua ni tairi kubwa, na kwa saizi unayoitaka unapata kama milimita 27. Ndizo zitakazokuvusha mawe ya njia ya Kinango.

Rimu za 20 ni za kupigia picha. Tairi la 285/50R20 lina ubavu wa milimita 142 hivi. La 285/70R17 lina karibu 200. Mchangani unashusha upepo hadi PSI 18, na huo ubavu ndio unaofanya kazi. Ukiwa mwembamba, jiwe moja tu na rimu imepinda.

Mimi ningefunga 265/70R17 kwenye rimu zako za kiwandani, nikasahau. Ukishikilia 285, jua kwamba kuna kukata plastiki, pengine na bati, na spidi ikisoma 100 wewe uko 107. Nunua tano, pamoja na la akiba: Prado hiyo huvuta magurudumu yote wakati wote, na tairi lisilolingana na wenzake huchosha difu la kati, linalogawa nguvu mbele na nyuma.

Jihadharini na wanaotanua tundu la rimu kwa grainda ili ikae, na wale wa "itaingia tu, boss". Kabla hujatoa pesa, mwambie afunge tairi moja la mbele, apandishe gurudumu hilo juu ya ukingo mpaka springi ibonyee, kisha azungushe usukani mpaka mwisho pande zote mbili. Akikataa, chukua ufunguo wako uondoke.