Nianze na Remmy yupi?

SWALI: Shikamoo mjomba. Marehemu baba alikuwa mpenzi wa Super Matimila, bendi ya Remmy Ongala, nami nataka kumsikiliza Remmy kwa utulivu, albamu nzima. Rafiki yangu ananishauri ninunue Mambo. Baba alikuwa akiisifu Songs for the Poor Man. Nianze na ipi? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Marahaba, mpwa wangu. Msikilize baba yako. Songs for the Poor Man ilitoka 1989, Mambo ikafuata 1992, zote chini ya kampuni ya muziki ya Real World ya Uingereza. Kwa usafi wa sauti sibishani na rafiki yako. Mimi kwa Remmy nafuata maneno. Huyu alizaliwa mashariki mwa Kongo, akaja Dar es Salaam 1978 kujiunga na bendi ya Orchestra Makassy, akakishika Kiswahili chetu hadi pale Sinza kituo kikaitwa Kwa Remmy. Sasa kwenye Mambo kuna nyimbo ameimba Kiingereza, kama “No Money, No Life”. Ujumbe ni uleule wa mnyonge, lakini namsikia akichagua maneno machache anayoyamudu, wakati kwa Kiswahili maneno yalikuwa yakimfuata yenyewe.

Kwenye ile ya 1989 sikiliza “Kipenda Roho”. Kanda yangu ya kwanza niliinunua Morogoro, ya kurekodiwa kibandani, majina ya nyimbo yameandikwa kwa kalamu ya bluu. Upande wa kanda uliisha wimbo ukiwa katikati. Miaka mingi nikaamini unaishia pale. Siku niliyousikia mzima, kwa shemeji yangu Kihonda, nilisimama mlangoni viatu mkononi mpaka gita la mwisho liliponyamaza. Shemeji akadhani nimeletewa habari ya msiba.

Wapo wanaosema kosa la Mambo ni studio za Ulaya. Hapana. Chibite, albamu ya 1996 ya Hukwe Zawose, Mgogo anayeimba kwa lugha yake, ilitolewa na kampuni ileile, na ndani yake kuna ilimba, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba, zeze na sauti inayopanda mpaka unashika kifua. Kigogo changu ni cha salamu tu, lakini najua kabisa kwamba yule mzee anawaimbia watu wake na hakubadilisha chochote ili mgeni aelewe. Ndiyo maana naiweka juu ya Mambo, ingawa Mambo naielewa neno kwa neno. Ukimaliza ya Remmy, itafute hiyo.

SWALI: Kwa Bongo Fleva, albamu gani huruki wimbo hata mmoja? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Hakuna, ndugu yangu, kila albamu nina pahala ninaporuka. Iliyokaribia ni Machozi, Jasho na Damu ya Profesa Jay, ya 2001. Ile “Ndio Mzee”, mgombea anamwaga ahadi zisizotekelezeka na umati unaitikia, niliwahi kuwachezea vijana wangu sebuleni nikawaambia wasikilize waitikiaji, si mgombea. Kwangu wimbo uko kwao, wale wanaokubali kila kitu. Mwaka 2015 mwimbaji mwenyewe akachaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi. Wiki ile nikauweka tena, mara mbili, na binti yangu mdogo akaniuliza: “Baba, sasa nani ataitikia?”