Je, Injini ya Silinda Tatu Itapanda Hadi Newala?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni dereva na ninaishi Masasi, mkoani Mtwara. Nimeshauriwa ninunue Nissan Note e-Power iliyotumika kutoka Japani, lakini nilipofunua boneti niliona injini ndogo ya silinda tatu, na fundi akaniambia kwamba haizungushi magurudumu, kazi yake ni kufua umeme tu. Je, gari hilo litapanda mlima wa kwenda Newala likiwa na abiria wanne na mizigo? Na nikiweka jenereta ya nyumbani kwenye buti, itaisaidia betri?

JIBU: Ndugu msomaji, litapanda, ingawa una haki ya kuuliza, maana mlima mrefu ndio mtihani wa kweli wa gari la aina hii. Katika Note e-Power iliyoingia sokoni Japani mwaka 2016, injini yenye ujazo wa sisi (cc) 1,198 na nguvu ya kilowati 58 huzungusha jenereta, na umeme wake huendesha mota ya kilowati 80 inayosukuma magurudumu. Pengo kati ya kilowati za injini na za mota hujazwa na betri, ambayo ni ndogo mno, takribani kilowati-saa 1.5, kwa hiyo inafaa kulipita lori, haifai kupandia mlima mzima.

Tupige hesabu. Gari lenye kilo 1,600 pamoja na watu na mizigo, likipanda kwa kilomita 60 kwa saa mahali panapoinuka mita 8 kwa kila mita 100, linahitaji kilowati 21 hivi za kushinda mlima na kama 5 za kushinda upepo na msuguano wa matairi. Ukiongeza umeme unaopotea njiani, injini bado haijafikia ukomo wake. Utaisikia ikinguruma kwa sauti isiyolingana na mwendo wa gari. Huo si ubovu. Lililokuwa na taabu ni BMW i3, gari la umeme lenye injini ya akiba ya kufua umeme, sisi 647, ambayo betri yake ikikaribia kuisha katika mlima mrefu iliweza kupunguza mwendo.

Huenda unajiuliza jenereta yenye nguvu hiyo inaeneaje chini ya boneti; udogo wake unatokana na kasi. Nyingi za nyumbani huzunguka mara 3,000 kwa dakika ili zitoe umeme wa hezi 50, lakini ya gari haifungwi na sharti hilo kwa sababu umeme wake hupitia kwenye inveta, yaani kifaa kinachoubadili uendane na mota. Kwa hiyo inaweza kuzungushwa kwa kasi zaidi, na kadiri kasi inavyoongezeka ndivyo kilowati zile zile zinavyopatikana kwenye umbo dogo. Mazda MX-30 R-EV imekwenda mbali zaidi kwa injini ya rota moja, yaani kipande kinachozunguka badala ya pistoni zinazopanda na kushuka, sisi 830, kilowati 55, iliyopangwa mstari mmoja na jenereta na mota. Ni kazi ya kupendeza sana, ila injini za rota hunywa mafuta kuliko za pistoni.

Jenereta ya nyumbani usiiweke kabisa. Kilowati zake mbili hazitafika popote, moshi wake una kaboni monoksaidi inayoua bila harufu, na betri ya gari ina mamia ya volti.

Ila nakuomba upime safari zako. Kama nyingi ni za Masasi hadi Lindi kwa mwendo mmoja, Toyota Aqua itakufaa zaidi, kwa kuwa sehemu ya nguvu ya injini yake hufika magurudumuni moja kwa moja bila kugeuzwa umeme. Lolote utakalochagua, mwambie muuzaji akuruhusu ulijaribu mlimani likiwa limejaa, kisha ukague tundu la hewa ya kupoza betri, kwani vumbi la barabara zetu huliziba mapema.